Masini Moja, Vitambaa Mbili

Nimeacha kazi juu ya macho. Si juu ya uzee: niko na miaka makumi tano na kidogo, na mwenye kusema nimezeeka akuje tushindane kupandisha masini ku meza. Lakini sindano iko na tundu moja, na minye sasa ninaona mbili, moja ya kweli na moja ya kunichekelea. Fundi mwenye kutia uzi mu tundu ya uongo, afazali akae kwake.

Bijou na Nadine, wanafunzi wangu, nyinyi njo munabaki na atelier ya kutengeneza masini za kushona. Mulisema niandike kazi yangu mbele nisahau. Masomo yangu iliishia mwaka wa ine ya primaire, kwa hiyo nitaandika vile ninasema, na wenye kujua kuandika wanisamehe. Sitaandika mambo ya kupanda cheo, juu atelier yetu haikuwa na cheo. Ilikuwa na kiti moja ya muzuri. Papa Kaumba alikaa pale, kisha minye nikakaa pale, sasa mupigane nyinyi wawili.

Zaidi nataka mujue habari ya ile miguu ya masini yenye ilikaa karibu na mulango. Mulinikuta nayo: miguu ya chuma, meza ya mbao, hakuna kichwa. Mulikuwa munawekea sahani juu. Kila mara Nadine aliuliza: "Maman, tuitie kichwa, si bantu banalomba masini ya miguu?" Na minye nilijibu: "Acha." Ilikuwa na vitambaa mbili zenye kufungwa, na hamukuona hata siku moja masini ingine yenye vitambaa mbili. Ile miguu ni ya mama yangu. Na kama tunafuata sheria ya atelier, ilikuwa ya Mama Jeannette pia. Miaka munane niliifunga hapa nikingojea Jeannette aseme neno moja: kwamba ni ya mama yangu. Sasa nitaanza kwa mwanzo.

Nilifika kwa Papa Kaumba na miaka kumi na munane. Atelier ilikuwa pale pale iko leo, ku Kikula, hapa Likasi, njia ya soko. Papa Kaumba alikuwa muntu wa hapa hapa, wa babu na babu, si wa Kasai kama sisi. Mutaona mbele kwa nini ninasema ile. Mu ujana yake alikuwa anatengeneza masini za nyumba ya wamama mu camp ya mine, ile ya kampuni ya kuchimba shaba, kule wake wa wafanyakazi walikuwa wanafundishwa kushona. Mama yangu Ngalula alijifunza pale, na masini yake ilitoka pale: nyeusi, na maua ya rangi ya zahabu ku shingo, miguu ya chuma yenye kusokotwa kama mizizi. Alishonea avenue yetu yote. Njo yeye alinituma kwa Papa Kaumba. Alisema: "Kushona, wote banajua. Weye jua masini yenye kushona inakufa na nini."

Siku ya kwanza nilivaa robe ya Noël, nguo yangu ya Krismasi, juu nilifikiri nitakaa ku masini kama madame. Papa Kaumba akanipa unyoya ya kuku na sahani ya petroli.

"Safisha."

"Nisafishe nini, Papa?"

"Meno."

"Masini iko na meno?"

"Iko nayo. Na inakula mingi kupita weye."

Akafungua bati ya chini ya sindano, nikaona kweli: meno ya chuma, mistari mbili, zenye kusukuma kitambaa mbele. Katikati ilijaa manyoya ya uzi, mafuta ya zamani, na sisimizi moja ya kufa. Mwezi muzima nilisafisha meno na unyoya ya kuku. Robe ya Noël haikuona Noël ingine.

Mwezi ya pili akanigeuza niangalie ukuta. Yeye alikanyaga pedale nyuma yangu, minye nilipashwa kusema ugonjwa. Kama inapiga *tak* moja kila mara gurudumu inazunguka, ni fimbo yenye kushika pedale, imelika. Kama inalia kama panya, inalomba mafuta. Kama sauti ni ya muzuri lakini inaruka, ni sindano. Nikikosea, hakunitukana. Alisema tu, "Rudilia kusikiliza," na alianza tena. Nilichukia ile ukuta. Leo njo ukuta yenye inanisaidia, juu macho imekwenda lakini masikio iko.

Sheria ya vitambaa munaijua, lakini niandike kwa wenye watakuja kisha. Wengi wa wenye kuleta masini hawakusoma, na Papa Kaumba hakupenda makaratasi. Kwa hiyo mwenye masini analeta kipande ya kikwembe, kitenge ya zamani. Unapasula katikati ya ua, au katikati ya ndege, lazima ikate picha. Nusu unafunga ku masini, nusu mwenyewe anakwenda nayo. Siku ya kukamata masini, mwenye analeta nusu, tunaunganisha. Picha ikiingiana, masini inatoka, na unafungua kitambaa. Ikikataa, hata ulie, hata wewe pastere, hautoke nayo. Na sheria ya pili, kubwa kupita ya kwanza: masini ya muntu hatuifunge, ni kusema hatuizuie. Muntu akikutukana, unatengeneza. Mwanaume mumoja alimupiga Papa Kaumba kofi mbele ya soko yote, na kesho yake akatuma nusu ya kitambaa yake. Papa akaunganisha, ikaingiana, akatosha masini inje. "Masini haikunipiga," alisema.

Wakati hakukuwa wateja, alikuwa anatuelezea, sisi wanafunzi wake, vile masini ilizaliwa. Zamani sindano zote zilikuwa na tundu ku matako, kama ile ya mukono. Wazungu wengi walijaribu kufanya chuma ishone kama mukono ya mama, ikakataa. Kisha ikapatikana akili ya kuweka tundu ku ncha. Sindano inashuka na uzi yake, chini kunangojea kanete, kigurudumu kidogo na uzi ingine, na zile mbili zinashikana katikati ya kitambaa. "Uzi ya juu haione ya chini," alisema. "Zinakutana mule ndani, mu giza, zinafungana. Njo ile tu. Ingine yote ni chuma." Kisha kukaja ya kuzungusha na mukono. Kisha mwenye akili ingine akaweka miguu, ili mikono yote mbili ishike kitambaa. Papa aliheshimu ule wa miguu kupita wote. Alisema ule alikuwa na mama.

Alituelezea pia juu ya fundi mumoja wa Ufaransa, wa mwanzo mwanzo, mwenye alikuwa na nyumba ya masini mingi, za kushona nguo za waaskari. Siku moja mafundi wenzake, wa sindano ya mukono, wakaingia na kuzivunja zote.

"Juu ya nini, Papa?"

"Juu waliona anakula kazi yao."

Tulicheka. Minye pia nilicheka, kwa sauti.

Haikupita mwaka. Nyinyi mulizaliwa kisha, na wazazi wenu hawapendi kusema, kwa hiyo minye ninasema. Wakubwa wa siasa walipanda ku viti na kusema sisi wenye asili ya Kasai tunakula kazi ya wenye inchi, turudi kwetu. Kwetu! Baba yangu alizaliwa mu camp ya hapa. Babu njo aliletwa na kampuni akiwa kijana, na hakuulizwa. Minye Kasai nilikuwa naijua mu vinywa ya watu tu. Majina ya wakubwa wale iko mu vitabu, wenye kusoma watasoma. Minye niko na jina moja, ya muntu wa avenue yetu. Ni Donatien, ule walikuwa wanaita Chef Dona, nyumba ya kando ya yetu, bwana ya Jeannette. Alitumika kazi moja na baba. Walikunywa munkoyo, pombe ya mahindi, mu kikombe moja kila siku ya posho. Njo yeye alikuja mbele ya kundi ya vijana, na chuma mu mukono. Njo yeye alipiga baba ku mugongo na ku kichwa, ku mulango yetu, saa ya mchana, watu wakiangalia. Yeye mwenye kupiga alikufa ku kitanda yake, miaka mingi kisha, na walimuimbia vizuri. Ninaandika jina yake tena ili isifutike: Donatien.

Walitupa wakati ya kuhama mpaka jua ishuke kidogo. Mama hakulia. Alikamata turnevisi, bisibisi yake, akalegeza bisi mbili zenye kushika kichwa ya masini, akainyanyua, akaifunga ku mugongo na kikwembe kama mutoto wa miezi sita. Miguu haikubebeka. Mulishajaribu kubeba ile chuma: munajua. Basi mama akapasula kipande ya kikwembe yenye alivaa, ya rangi ya majani mabichi na ndege za manjano. Akaipasula katikati ya ndege. Nusu akafunga chini, ku chuma ya karibu na pedale, na kifundo mbili. Nusu akaweka ku kifua. Kisha akaita juu ya lupango, ukuta ya kati ya nyumba:

"Jeannette! Unichungie miguu. Nitarudia na kitambaa yangu."

Jeannette alisimama kwake na beseni ya nguo za maji. Alitikisa kichwa. Sijui ilikuwa ndiyo ao apana.

Nimefikiri mingi juu ya ile. Mama alifanya kosa yenye watu wa atelier tu wanaweza kufanya. Walikuwa wanatufukuza, na yeye alifanya kama anaacha masini ku matengenezo.

Tulikaa ku gare, inje, juu ya simiti, juma kisha juma, tukingojea train yenye kukuja wakati inapenda. Watu walikuwa wengi sana, mvua ilitupiga, watoto walikuwa wanazikwa kila siku. Baba alikufa pale juma ya tatu, na kichwa yake ilikuwa imevimba mpaka siku ya mwisho. Muntu mumoja tu wa Kikula alikuja kutuona: Papa Kaumba. Alikuja na ndoo ya bukari, ugali, ku kichwa, na wenzake walimutupia maneno: "Eh, muzee, ulishakuwa Mukasai weye?" Yeye alijibu, "Niko na njaa ya kutembea," na akapita. Siku train ilifika, alinipa turnevisi yake ya mukono ya mbao. "Kule pia masini zinagonjwa," alisema.

Kule Mwene-Ditu, mu Kasai, tulikula kichwa ya masini. Ninasema kweli: mama aliibadilisha na mufuko ya mahindi, na tukaila mpaka ikaisha. Vichwa zilijaa kule, kila familia ilikuja na yake ku mugongo, na hakuna mwenye alikuwa na miguu. Zilipangwa ku meza, ku masanduku, ku mawe, zinazungushwa na mukono. Na wenye walitoka Likasi walituambia kule imejaa miguu bila vichwa, watu wanaweka radio juu, wanaweka maua. Minye nilitembea na turnevisi nyumba kwa nyumba. Mama alikufa mwaka wa tano, na homa. Nusu ya kitambaa ilikuwa ku pembe ya kikwembe yake, pale wamama wanafunga funguo. Nikaifungua nikaifunga ku yangu.

Niliporudi Likasi, sikupita ku avenue yetu. Nilikwenda Kikula. Papa Kaumba alikuwa amekaa ku kiti yake, amekonda. Aliniangalia, akaangalia mukono yangu.

"Ulikuwa wapi na turnevisi yangu?"

Njo ile tu alisema. Kesho yake nilianza kazi.

Kazi ile munaijua, sitaandika yote. Niandike mbili tatu yenye inachekesha. Bibi ya pastere mumoja alileta masini yenye kuruka mashono. Kanisa yote ilikuwa imefunga siku tatu, walipaka hata mafuta ya maombi, juu walisema majirani wameitumia roho mubaya. Niliangalia: sindano ilikuwa imegeuzwa. Ile upande ya kukatwa ilikuwa mbele. Nikageuza, ikashona. Mama yule akapiga kelele: "Yesu ni Bwana!" Nikamuambia: "Ni kweli, Mama, lakini upande ya kukatwa iangalie nyuma." Wiki ya mbele alirudi akaniambia kwamba alitoa ushuhuda. Minye sikutajwa.

Ule mwingine alitoka Kambove na masini ya kushona robe za arusi. Alikuwa anaishonesha mifuko ya mawe, na kamba. Alisema, "Tangu jana haitake." Nilimujibu hata minye singetaka. Na kuna masini za courant, za umeme; ku mulango ya wenye kuwa nazo kuliandikwa "moderne". Courant ikikatika, wenye moderne wanatembea mpaka kwetu kuomba ya miguu. Kila mara tulikuwa tunasikia Papa Kaumba anachekea puani. Aliishi akicheka vile mpaka siku aliacha kuamuka. Kiti ikawa yangu.

Sasa Jeannette.

Alikuja asubuhi moja, na wanaume wawili wenye kubeba. Donatien alikuwa ameshakufa. Jeannette alikuwa amezeeka, amevaa kitambaa ya weusi ku kichwa. Tuliangaliana. Alinijua, nilimujua, na wote wawili tukafanya kama hatujuane.

"Jambo, mama fundi."

"Jambo, mama. Inagonjwa nini?"

"Inapiga. Na mukaba ya gurudumu ilikatika."

Kichwa ilikuwa mupya, ya Uchina. Sikuiangalia. Nilipiga magoti kuangalia pedale, na pale chini, ku chuma, nilikuta kitambaa imekuwa nyeusi na mafuta, ngumu kama ngozi. Nikapangusa na kidole. Ikatoka manjano. Matako ya ndege.

Nilibaki chini pale mpaka magoti ikauma. Niliposimama, nilimuambia: "Acha miguu. Kichwa rudia nayo, nitakufungia kizungushio ya mukono, bure, ushone nayo mbele pièce, kipuri, ifike." Alipasula kipande yake, nyekundu na samaki nyeupe, nikafunga nusu. Njo vile ilipata vitambaa mbili.

Hakukuwa pièce ya kungojea. Mulikuwa mukaba na fimbo ya kubadilisha, na zote zilikuwa mu tiroir, droo ya meza yangu. Nilifunga masini ya muntu. Minye mwanafunzi wa Papa Kaumba.

Kila mwezi alikuja. Nyinyi wawili mulimuona mara mingi, mama wa kitambaa ya weusi, na mboga ya lengalenga ndani ya kitunga, anakaa ku banco ya wateja.

"Pièce ilifika?"

"Bado."

"Haya."

Anaweka nusu yake ya samaki ku magoti, anainyoosha na vidole, anaangalia. Anakaa muda ya kunywa maji. Kisha anafunga tena, anakwenda. Kila mara nilijisemea: leo atasema. Aseme tu, "Ntumba, ni masini ya mama yako." Ningemutengenezea siku ile ile. Hakusema. Mara moja tu aliuliza ingine:

"Inatoka wapi ile pièce?"

"Kasai," nikajibu.

Miezi mbili hakurudi. Kisha akarudi. "Pièce ilifika?" "Bado." Miaka munane. Kama munafikiri nilifurahi na ile, munakosea, na kama munafikiri sikufurahi hata kidogo, munakosea pia.

Mwisho ni Bijou alinivunja, na hajui. Ilikuwa juma ya mwisho yangu ya kazi. Alitoka soko, akasema: "Maman, ule Mama Jeannette magoti ilikataa, hawezi tena kutembea. Alituma muntu kuuliza pièce. Uniambie ni pièce gani, nitaitafuta Lubumbashi."

"Hakuna pièce," nikasema. "Ni mukaba na fimbo. Iko mu tiroir."

Bijou alisimama. Nadine alimupiga teke chini ya meza, niliona, macho yangu haijaharibika mpaka pale. Lakini Bijou iko na kinywa:

"Si weye ulitufundisha masini ya muntu hatuifunge?"

Nilimuomba unyoya ya kuku. Niliitengeneza mbele kunde ya mu chungu iive. Nilimuita Freddy wa pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, tukafunga na kamba, na nikatembea nyuma yake mpaka ku avenue yenye sikuikanyaga tangu ile siku. Nyumba yetu imepakwa rangi ya bleu, kuna muntu anauza simiti mbele. Lupango ni ile ile.

Jeannette alikuwa amekaa ku mukeka, mugongo ku ukuta, miguu imenyooka.

"Pièce ilifika?"

"Ilifika."

"Ilikawia."

"Kasai iko mbali, Mama Jeannette."

Aliguna. Akafungua pembe ya kikwembe, akatosha samaki yake. Nikaunganisha na ya ku chuma: ikaingiana. Nikafungua, nikamupa nusu zote mbili. Ilikuwa imeisha. Nikageuka kumuambia Freddy ashushe.

"Na yako?" Jeannette akasema.

"Yangu gani?"

"Weye Ntumba, usinichezee. Ya mama yako. Miaka munane nakuya kukuonyesha yangu ili weye utoshe yako. Nikasema labda aliipoteza njiani."

"Na weye haukuweza kusema?"

"Niseme nini? Donatien alikuwa bwana yangu. Nikifungua kinywa juu ya miguu ya masini, ile ingine yote itatoka nyuma. Ningeifunga na nini?"

Freddy alikuwa anaangalia chini. Minye nilifungua pembe ya kikwembe yangu. Jeannette alinyoosha mukono, akakamata nusu ya mama, akajikokota na matako mpaka ku pousse-pousse. Aliiweka karibu na ile nyeusi, ku chuma. Kichwa ya ndege ku moja, matako ku ingine. Ya mama ilibaki rangi ya majani mabichi. Ile ya ku chuma ilikuwa kama makaa, lakini mabawa ilionekana, na ilikutana.

"Inaingiana," akasema. "Alisema nimuchungie, nilimuchungia. Donatien alitaka kuiuza ku wenye kuyeyusha chuma, nikalala juu yake. Nilishona nayo pia, siwezi kukudanganya, batoto balikula. Ile kitambaa sikuifungua. Kamata masini ya mama yako."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, miaka makumi tatu nikiyasafisha kama meno ya masini. Nilimusaidia kurudi ku mukeka, juu magoti yake ilikataa. Ni ile tu nilifanya.

"Maman," Freddy akasema, "tunashusha?"

"Hatushushe. Tunarudi."

"Kule tulitoka?"

"Kule tulitoka."

"Njia yote?"

"Sukuma, Freddy."

Bijou, Nadine, musisome hapa kwamba nimesamehe. Donatien simusamehe, na wale wa ku viti siwasamehe. Na Jeannette alisimama na beseni yake siku ile, hakuangusha hata beseni. Lakini alileta nusu yake na minye nilileta yangu, na sheria ni sheria.

Kifundo ya mama ilinikawisha. Ilikuwa mbili, na mafuta ya miaka yote ilikuwa imeigandisha. Ningekata na mukasi. Sikukata. Nilikaa chini na petroli na ncha ya sindano, navuta uzi moja moja, na kwa sababu macho ni haya, nilifanya na vidole. Ilifunguka saa ya jua ya katikati. Sasa nusu zote mbili ziko kwangu, na miguu haina kitambaa.

Kwa hiyo muitie kichwa, yenye mutapenda. Na Mama Jeannette sasa anazungusha na mukono, na mikono yake imechoka. Mumutafutie miguu ingine mu zile za nyuma ya atelier, muipake mafuta, mumupelekee mwenyewe, juu hatembee. Muimalize mu siku ine, si miaka munane. Feza ya fimbo musimulipishe.

Nadine alisema kesho atakuwa wa kwanza kuikanyaga. Nitakuja. Sitakaa ku kiti, nitageuka ku ukuta nisikilize.